Jamii Nane Zilizoonekana Chache: Kisa cha Nomu Aliyefutwa Mwaka 2008

Juni 2008 kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa toleo la nne la mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons. Kitabu cha msingi cha mchezaji, Player's Handbook, kilikuwa na jamii 8 za kuchagua, yaani aina 8 za viumbe ambao mchezaji anaweza kuwa. Toleo la tatu, lililotoka mwaka 2000, lilikuwa na 7. Kwa hesabu ya vidole mchezaji alikuwa ameongezewa, lakini malalamiko yaliyofuata yalikuwa ya mtu aliyepunjwa: nomu, yule kiumbe mdogo wa mazingaombwe, yuko wapi? Nusu-orki, yule mwenye damu ya binadamu na ya orki katili, yuko wapi? Kampuni yenyewe ilikuwa imeshanusa hasira hiyo mapema. Kabla ya kitabu kutoka ilitengeneza katuni fupi ya matangazo ambamo nomu, akiwa amekwisha kuondolewa kwenye orodha ya wachezaji, anajitangaza kuwa sasa yeye ni zimwi.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu swali la jamii ngapi zinatosha hujibiwa kwa ladha. Mmoja anataka zile nne za jadi basi, mwingine hatosheki mpaka wawepo watu-paka na watu-kunguru. Toleo la nne linatupa njia ya kuondoka kwenye ladha, maana lilijengwa kwa hesabu zilizo wazi, na ukizifuata zinakupeleka mpaka mahali penyewe palipopungua. Msimamo wangu ni huu: jamii 8 zilitosha kabisa. Kasoro ilikuwa katika zilizochaguliwa. Tena aliyeliliwa zaidi siye aliyeacha pengo kubwa zaidi.

Kwa asiyeucheza mchezo huu, mambo ni hivi. Watu wanne au watano wanakaa mezani, kila mmoja na karatasi ya mhusika wake, na mwenzao mmoja ndiye mwendesha mchezo: anasimulia ulimwengu, anawasemea maadui na wapita njia, na anaamua kinachotokea dadu zikishaanguka. Mhusika hujengwa kwa mambo mawili makubwa. Kuna fani, yaani kazi yake, kama mpiganaji, mchawi, mwizi au kuhani; na kuna jamii, yaani ni kiumbe wa namna gani. Uwezo wake hupimwa kwa sifa sita: Nguvu, Ustahimilivu, Wepesi, Akili, Hekima na Haiba. Jamii inaweza kumwongezea namba kwenye sifa hizo, kumpa kipaji cha kuzaliwa, na kumpa mahali pa kutokea katika hadithi. Kila toleo limeigawa mizigo hiyo mitatu kwa namna yake, na idadi ya jamii inayotosha hutegemea mgawo huo.

Mchezo wa kwanza kabisa ulitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapwa na TSR, kampuni changa ya Lake Geneva, Wisconsin. Jamii zilikuwa nne: binadamu; dwafu, mfupi mkakamavu wa milimani; elfi, mwenye masikio marefu wa msituni; na hobiti, mtu mdogo wa kimo, ambaye muda si mrefu aliitwa halflingi baada ya wenye haki za kazi za Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, kulalamika. Usawa haukutafutwa. Dwafu aliweza kuwa mpiganaji tu, na hakuruhusiwa kuvuka ngazi ya 6. Hobiti aliishia ya 4. Binadamu hakuwekewa kikomo. Ulimwengu ulikusudiwa kuwa wa binadamu, wengine wakiwa wageni waliokaribishwa kwa masharti. Hapo hapo, kijitabu hichohicho kilisema kwamba mchezaji akitaka kuwa karibu kiumbe chochote, hata joka, aruhusiwe, mradi aanze akiwa dhaifu na akue taratibu. Kwa hiyo jibu la kwanza lilikuwa nne na mlango wazi. Sijui kama limewahi kupatikana jibu la busara zaidi ya hilo, ila linamtegemea sana mwendesha mchezo mwenye akili timamu, na kampuni inayouza vitabu haiwezi kujenga biashara juu ya tegemeo hilo.

Mwaka 1978 toleo la Advanced lilifikisha 7, kwa kuongeza nomu, nusu-elfi na nusu-orki. Mwaka 1981 lile sanduku la wanaoanza lilikwenda njia nyingine kabisa: elfi, dwafu na halflingi wakawa fani zenyewe, hivyo ukichagua elfi umekwisha kuchagua na kazi. Mwaka 1989 nusu-orki aliondolewa, zikabaki 6. Mwaka 2000 akarudishwa, zikawa 7 tena. Muda wote huo, zaidi ya miaka 30, idadi ilicheza kati ya nne na saba, na kuondolewa kwa jamii halikuwa jambo geni. Nusu-orki alikuwa ameshafukuzwa mara moja, na dunia ya wachezaji haikusimama.

Basi kwa nini nomu, na kwa nini mwaka 2008?

Tazama namba zake katika toleo la tatu. Nomu aliongezewa Ustahimilivu kama dwafu, akapunguziwa Nguvu kama halflingi. Kimo chake kilikuwa cha halflingi, na macho yake ya kuona kwenye mwanga hafifu yalikuwa ya elfi. Hakuna jambo kubwa katika mwili wake ambalo halikuwa limekwisha kutolewa kwa mwingine. Hata kazi yake haikutulia: mwaka 2000 kitabu kilisema fani inayompendeza ni uchawi wa mazingaombwe, na toleo lililosahihishwa mwaka 2003 likabadilisha, likasema ni umanju wa nyimbo na mashairi. Katika ulimwengu wa Dragonlance wa miaka ya 1980 alikuwa fundi wa mitambo inayolipuka, kichekesho cha kupumzishia hadithi. Kiumbe mwenye wasifu wa aina hii ana wapenzi wakali, kwa kuwa kila mmoja wao amejitungia nomu wake. Lakini mtunzi anayetafuta nafasi kitabuni humwona kuwa wa kwanza kuondoka.

Na nafasi ilitafutwa kwelikweli. Watunzi wakuu wa kitabu, Rob Heinsoo, Andy Collins na James Wyatt, walikuwa wanajenga mchezo ambamo jamii inabeba mzigo mzito kuliko wakati wowote. Kila jamii ilipewa kurasa mbili zinazotazamana, picha kubwa, na kwa nyingi kati yake, uwezo maalumu wa kutumia mara moja katika kila pambano. Eladrini, mmoja wa jamii mpya, anatoweka hapa anatokea miraba mitano mbele. Mtu-joka anatema moto au barafu au asidi. Elfi anarudia kutupa dadu la shambulio lililokosea. Halflingi anamlazimisha adui arudie lake. Jamii iliacha kuwa vazi la mhusika. Kila pambano lilikukumbusha wewe ni nani. Kwa mtindo huo huwezi kuwa na jamii ya kukaa pembeni, kwa maana kurasa mbili na uwezo wa pekee ni gharama, na anayelipiwa lazima awe na kazi.

Waliotolewa ni nomu na nusu-orki. Walioingia ni watu-joka, tiflingi, wenye pembe na mkia kwa sababu mababu zao walifunga mkataba na mashetani, na eladrini. Tiflingi hakuwa mpya, alikuwepo tangu ulimwengu wa Planescape wa mwaka 1994, ila sasa aliletwa kwenye kitabu cha msingi. Eladrini alitokana na kupasuliwa kwa elfi. Kwa miaka mingi elfi alikuwa na kazi mbili zisizopatana, mchawi msomi na mpiga mshale wa msituni, na kila aliyemchagua alipata nusu asiyoihitaji. Watunzi wakamgawa: usomi na uchawi ukaenda kwa eladrini, msitu na upinde ukabaki kwa elfi.

Sasa hesabu. Katika toleo hili kila jamii isiyo ya binadamu iliongezewa 2 kwenye sifa mbili, na hakuna iliyopunguziwa. Binadamu aliongezewa 2 kwenye sifa moja anayoitaka mwenyewe, hivyo anafaa kila mahali na tunaweza kumweka kando. Sifa sita ukizipanga wawiliwawili unapata jozi 15. Jamii 7 zilizobaki zilichukua jozi 7, na hakuna jozi iliyojirudia: mtu-joka Nguvu na Haiba, dwafu Ustahimilivu na Hekima, eladrini Wepesi na Akili, elfi Wepesi na Hekima, nusu-elfi Ustahimilivu na Haiba, halflingi Wepesi na Haiba, tiflingi Akili na Haiba. Ukiitazama hivyo ni kazi safi. Kila jamii ina pahala pake, hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Lakini ihesabu kwa upande wa sifa. Haiba imetajwa mara nne, Wepesi mara tatu, Ustahimilivu, Akili na Hekima mara mbili mbili. Nguvu imetajwa mara moja. Kitabu kilikuwa na fani 8, na kati ya hizo tano zilikuwa na angalau njia moja ya kuchezwa inayoshambulia kwa Nguvu: mpiganaji, jemadari, mlinzi mtakatifu, mwindaji na kuhani. Wawili wa kwanza hawakuwa na njia nyingine. Fani zilizoshambulia kwa Haiba zilikuwa mbili tu. Ni kama kocha aliyesajili washambuliaji wanne na beki mmoja, halafu akapanga kucheza kwa kujilinda.

Mtu anaweza kuuliza nyongeza ya 2 ni kitu gani. Katika mchezo huu nyongeza ya 2 kwenye sifa inakuwa 1 kwenye shambulio, na dadu lina pande 20, kwa hiyo ni asilimia 5 ya kupata badala ya kukosa. Si nyingi kwa shambulio moja. Ila inahesabiwa katika kila shambulio, katika kila pambano, kwa kampeni nzima, yaani hadithi moja ndefu ya miezi, na toleo la nne lilikuwa toleo la mapambano kuliko yote. Matokeo yake mezani yalikuwa yaleyale: anayetaka mpiganaji wa panga aliangalia orodha akaona mtu-joka au binadamu. Wengi walichukua dwafu hata hivyo, kwa sababu ugumu wake na Hekima yake vilimfaa mpiganaji kwa namna nyingine, lakini walijua wanalipia.

Hapa ndipo ninapoona pengo la kweli. Kiumbe wa kawaida wa Nguvu katika mchezo huu, yule ambaye mchezaji mgeni humwelewa kwa sekunde moja, ni nusu-orki. Kumwondoa kwenye kitabu ambacho zaidi ya nusu ya fani zake zinaihitaji Nguvu kuliacha shimo ambalo mtu-joka peke yake hakuweza kulijaza. Naelewa kwa nini waliona aibu naye. Namba zake za toleo la tatu zilikuwa adhabu, Nguvu juu lakini Akili na Haiba chini, na hadithi ya kuzaliwa kwake katika vitabu vya zamani mara nyingi ilidokeza ubakaji, jambo ambalo hakuna sababu ya kumtwika kijana wa miaka 13 anayetaka tu kushika shoka. Lakini hayo mawili yalirekebishika, na kweli baadaye yalirekebishwa. Hayakuhitaji kumfuta.

Na nomu je? Kwa upande wa hesabu, kuondolewa kwake hakukuharibu chochote. Hata hakuwa ameondolewa kabisa. Alikuwamo kwenye Monster Manual, kitabu cha mazimwi kilichotoka wakati uleule, na mwishoni mwa kitabu hicho palikuwa na maelezo mafupi ya kumgeuza kuwa mhusika wa mchezaji. Kikanuni ungeweza kumcheza tangu siku ya kwanza. Watu waliona amefukuzwa kwa sababu ya mahali alipowekwa: ukurasa wa nyuma wa kitabu ambacho si chako, kati ya viumbe wa kuuawa, kwa hisani ya mwendesha mchezo. Idadi ya jamii ambayo mchezaji anaihisi ni ile iliyomo kwenye kitabu alichonunua yeye. Zilizomo kwenye kitabu cha mwenzake hazihesabu.

Machi 2009 Player's Handbook 2 ikatoka na jamii 5 zaidi. Nomu alikuwamo, na nusu-orki pia, pamoja na goliathi, deva na watu-mnyama wa matawi mawili. Namba za nyongeza hizi zinasema mengi kuliko utangulizi wowote. Goliathi alipewa Nguvu na Ustahimilivu. Nusu-orki Nguvu na Wepesi. Tawi moja la watu-mnyama Nguvu na Hekima. Mara moja Nguvu ikaruka kutoka jamii moja hadi nne. Mtu hahitaji kuambiwa nini kilikuwa kimekosekana. Kiraka kinaonyesha umbo la tundu.

Nomu naye alirudi na Akili na Haiba. Hiyo ni jozi ileile ya tiflingi, ambaye ndiye aliyekuwa mwenzake katika ile katuni. Katika vitabu hivi viwili hii ndiyo mara ya kwanza jamii mbili nzima zinapata jozi moja. Nusu-orki alirudi kuziba pengo, nomu alirudi kwa sababu aliitwa. Na sidharau hilo la pili. Alirudi na uwezo wa kufifia asionekane mara anapojeruhiwa, na hadithi mpya ya watu waliotoroka utumwa wa majitu ya fomori katika ulimwengu wa vichimbakazi. Kwa mara ya kwanza nomu alikuwa na kitu kisichokuwa cha dwafu, wala cha halflingi, wala cha elfi: alikuwa mdogo anayejua kujificha kwa kuwa aliwahi kuwindwa. Mwaka mmoja wa kukaa nje ulimpa wasifu ambao miaka 30 ya kuwepo haikumpa.

Baada ya hapo idadi ilikimbia. Machi 2010 Player's Handbook 3 ikaongeza 4, zikawa 17 katika vitabu vitatu vya msingi, mbali na zile za vitabu vya ulimwengu wa Forgotten Realms na Eberron. Jozi 15 hazikutosha tena, na watunzi walilijua hilo, kwani jamii hizo za 2010 zilipewa sifa moja ya lazima na ya pili ya kuchagua kati ya mbili. Minotauri, kwa mfano, alipata Nguvu, halafu Ustahimilivu au Hekima. Ule mpango safi wa jozi ulidumu chini ya miaka miwili.

Kuna watu hupenda kusema kwamba kumfukuza nomu ndiko kulikoliua toleo la nne, na wanaionyesha Pathfinder ya kampuni ya Paizo (mchezo mwingine wa aina hii), iliyotoka mwaka 2009 ikiwa na jamii 7 zilezile za zamani, nomu na nusu-orki wakiwamo, ikapata wasomaji wengi miongoni mwa waliokataa kuhama. Ni hadithi tamu lakini siiamini. Toleo la nne lilibadilisha karibu kila kanuni, likabadilisha na leseni iliyowaruhusu wachapishaji wengine kutumia mchezo huo. Nomu alikuwa bendera ya ugomvi huo. Chanzo kilikuwa kwingine.

Lakini kuna jambo la kujifunza kutoka kwa wale watatu waliochukua nafasi, maana hawakuishi sawa. Mtu-joka na tiflingi wamebaki kwenye kitabu cha msingi katika kila toleo tangu hapo. Eladrini hakubaki. Toleo la tano lilipofika mwaka 2014 alirudishwa kuwa tawi la elfi, na kitabu cha mchezaji hakikumweka kabisa. Alionekana kwenye kitabu cha mwendesha mchezo kama mfano wa namna ya kutunga tawi jipya.

Kwa hesabu, eladrini alikuwa na haki zote. Ndiye aliyekuwa mchawi bora wa kitabu cha 2008. Alichokosa ni jibu la swali ambalo kila mchezaji mgeni aliuliza: huyu na elfi wana tofauti gani? Ukijibu kwamba mmoja ni wa mjini mwingine wa porini, umeeleza watu wawili wa ukoo mmoja. Watu-joka na tiflingi hawakuwahi kuulizwa hivyo. Tena hao walipewa historia inayowafunga pamoja: dola ya Arkhosia ya watu-joka na dola ya Bael Turath, ambayo watawala wake ndio waliofunga ule mkataba wa kishetani, zilipigana mpaka zote mbili zikasambaratika. Meza ikiwa na mtu-joka na tiflingi, hadithi imeshaanza kabla ya mwendesha mchezo kufungua kinywa. Dwafu na elfi wamekuwa wakiishi kwa mtaji wa namna hiyo tangu 1974, wakiuazima kwa Tolkien.

Toleo la tano liliweka jamii 9 kwenye kitabu cha msingi, na nadhani mpangilio wake haujapewa sifa unazostahili. Liliwagawa mafungu mawili. Binadamu, dwafu, elfi na halflingi ni wa kawaida, wanapatikana karibu kila ulimwengu. Watu-joka, nomu, nusu-elfi, nusu-orki na tiflingi ni wa nadra, na kitabu kinasema wazi kwamba huenda wasiwepo katika kila ulimwengu. Wale wanne ni walewale wa 1974. Kwa mstari mmoja wa maelezo, mwendesha mchezo alipewa idhini ya kukata tano bila kugombana na mtu, na mchezaji akapewa zote 9 ndani ya kitabu chake mwenyewe. Yaani kitabu kina 9, ulimwengu una unazotaka.

Zilipochapishwa mwaka 2017 takwimu za wahusika waliotengenezwa kwenye zana ya mtandaoni ya D&D Beyond, binadamu ndiye aliyeongoza, takriban robo ya wote, akifuatiwa na elfi, kisha nusu-elfi. Orodha inakua miaka yote, na bado watu wengi wanachagua kiumbe anayefanana nao. Siyasemi haya kuthibitisha kwamba jamii nyingine ni mapambo. Anayechagua binadamu mbele ya orodha ya 9 amechagua; anayechagua binadamu kwenye orodha ya binadamu pekee, kama ilivyo katika Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha, tangu 1981, hajaulizwa. Call of Cthulhu inatosheka na moja kwa sababu hofu yake inahitaji upande mmoja uwe wa watu na upande wa pili usiwe wa watu kabisa.

Mabadiliko ya karibuni yameondoa kabisa mzigo wa namba. Mwaka 2020 kanuni za ziada ziliruhusu mchezaji kuhamishia nyongeza za jamii kwenye sifa anazotaka, na kitabu cha msingi cha 2024 kiliziondoa kwenye jamii, kikazipeleka kwenye malezi na kazi aliyoifanya mhusika kabla ya kuanza safari. Kitabu hicho kina jamii 10. Aasimari, goliathi na orki wameingia, nusu-elfi na nusu-orki wametoka. Kwa kuwa jamii haibebi namba tena, unaweza kuweka 10 au 30 bila fani yoyote kukosa mtu wa kuifaa. Swali la hesabu limekufa, limebaki la hadithi, na papo hapo kelele ya 2008 ikasikika upya: nusu-elfi yuko wapi?

Nirudi kwenye kitabu chenyewe cha 2008, maana kusema 8 zilitosha bila kuonyesha ni zipi ni rahisi mno. Watunzi ndio waliopanga namba, kwa hiyo nusu-orki hakulazimika kungoja apewe Nguvu na Wepesi mwaka uliofuata. Angeweza kupewa Nguvu na Ustahimilivu hapo hapo. Elfi asingepasuliwa, angebaki na Wepesi na Hekima, na ile jozi ya Wepesi na Akili aliyopewa eladrini angepewa nomu wa mazingaombwe. Orodha ingekuwa binadamu, dwafu, elfi, halflingi, nomu, nusu-orki, mtu-joka na tiflingi. Ihesabu: Nguvu mara mbili, Ustahimilivu mbili, Akili mbili, Hekima mbili, Wepesi tatu, Haiba tatu. Hakuna jozi inayojirudia, hakuna sifa yenye mtu mmoja. Wa zamani sita kati ya saba wamebaki, na wapya wawili waliodumu wamepata nafasi zao.

Anayekosekana ni nusu-elfi, na hapo ndipo mpango wangu unapouma, kwa kuwa ana wapenzi wengi kuliko nomu na nusu-orki. Dawa yake ilikuja kupatikana kwingine. Pathfinder ya pili, mwaka 2019, iliwafanya nusu-elfi na nusu-orki kuwa uchaguzi mdogo ndani ya jamii ya binadamu: unachukua binadamu, halafu unasema mzazi mmoja alikuwa nani, na unapata sehemu ya vipaji vya upande huo. Orodha ya msingi ikawa 6 tu, goblini akiwamo, na hakuna aliyefutwa. Kitabu cha 2008 hakikuwa na chumba cha ndani cha namna hiyo. Jamii ilikuwa kurasa mbili na namba zake, na nusu-elfi angepewa hizo mbili au asipewe kitu.